Marekani: Farmasi inapouzwa ndani ya duka, wafanyakazi wanabaki na maulizo

Jumatatu tarehe 15 Juni 2015, kampuni mbili kubwa za Marekani zilitangaza habari moja: farmasi zote zilizokuwa ndani ya maduka ya Target zinauzwa kwa kampuni ya CVS. Bei ilikuwa dola miliari 1,9. Farmasi zenyewe zilikuwa 1 672, katika majimbo 47 ya nchi hiyo. Ndani yake walikuwa wanafanya kazi watu zaidi ya 14 000.

Kwa wenye hisa, ilikuwa habari ya pesa. Kwa mfanyakazi aliyevaa blauzi nyeupe nyuma ya meza ya dawa, ilikuwa habari ya namna nyingine kabisa. Angebaki mahali palepale, chini ya paa lile lile, akihudumia wagonjwa wale wale, lakini bosi wake angekuwa mwingine. Je, miaka aliyokwisha kutumika itahesabiwa? Konje yake itabaki siku ngapi? Bima ya afya ya watoto itaendelea? Na yule mwenzake wa duka, anayepanga sabuni na nguo kwenye rafu, je, yeye ndiye atafuata kuuzwa?

Maulizo hayo hayakuishia kwa Target. Tangu wakati huo maduka mengine ya Marekani na Uingereza yamefanya vile vile, na kila mara wafanyakazi wameyarudilia. Yanawahusu pia Wakongomani. Kwa miaka mingi, hadi mwaka wa 2024, Kongo ilikuwa moja ya nchi ambazo Marekani ilipokea wakimbizi wengi kutoka kwake, na wengi wao walianza maisha mapya kwa kazi za depo, za viwanda na za maduka makubwa. Familia nyingi za Goma, Bukavu ama Uvira zinajua maana ya ndugu aliye ng'ambo kusema kwa simu: "Kampuni yetu imeuzwa."

Mwaka mbaya

Ili kuelewa hofu ya wafanyakazi wa Target, ni lazima kukumbuka mwaka ule ulivyoanza. Mwezi wa Januari 2015, Target ilitangaza kwamba inatoka Canada. Ilikuwa imeingia huko miaka miwili tu kabla. Maduka 133 yalifungwa, na watu karibu 17 600 wakapoteza kazi. Mwezi wa Machi, kwenye makao makuu ya kampuni katika mji wa Minneapolis, watu 1 700 waliachishwa kazi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka wa 2013, wezi wa mitandao walikuwa wameiba habari za kadi za benki za wateja karibu milioni 40, jambo lililoichafulia kampuni jina.

Basi, tangazo la mwezi wa Juni liliwakuta watu ambao walikuwa wamekwisha kuona wenzao wakifukuzwa mara mbili katika miezi sita. Hata waliokuwa hawagusi dawa walijiuliza kitu gani kitauzwa tena.

Wakubwa wa kampuni walikuwa na maelezo yao. Brian Cornell, aliyeshika uongozi wa Target mwezi wa Agosti 2014, alitaka kampuni iweke nguvu kwenye vitu ambavyo wateja wanaifuata kwavyo: nguo, vitu vya watoto, mapambo ya nyumba. Farmasi ilikuwa kazi ngumu ambayo Target haikuwa na ukubwa wa kutosha kuifanya kwa faida.

Sababu yake iko katika namna dawa zinavyolipwa Marekani. Mgonjwa mwenye bima halipi bei yote mwenyewe. Sehemu kubwa inalipwa na bima, na katikati ya bima na farmasi kuna makampuni yanayopatanisha bei na kuamua farmasi itarudishiwa dola ngapi kwa kila dawa. Farmasi ndogo mbele ya makampuni hayo haina sauti. CVS, yenyewe, ilikuwa na farmasi zaidi ya 7 800 na tena ilikuwa inamiliki moja ya makampuni hayo ya kupatanisha bei. Kile kilichokuwa mzigo kwa Target kilikuwa faida kwa CVS.

Ahadi na wasiwasi

Kwenye karatasi, wafanyakazi hawakuachwa. CVS iliahidi kwamba wote zaidi ya 14 000 watapewa nafasi zinazolingana na zile walizokuwa nazo. Kliniki ndogo karibu 80 zilizokuwa ndani ya maduka ya Target nazo zingechukua jina la MinuteClinic, ambalo ni la CVS. Kwa mauzo ya ukubwa ule, ahadi kama hiyo haikuwa kitu kidogo.

Lakini neno "zinazolingana" lina upana wake. Mshahara unaweza kulingana, huku saa za kazi zikibadilika. Cheo kinaweza kulingana, huku bima ya afya ikiwa na bei nyingine. Akiba ya uzeeni inahamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Punguzo la bei ambalo mfanyakazi anapewa akinunua vitu dukani kwake linabadilika pia, kwa sababu duka anamosimama si lake tena: sasa ni mpangaji tu ndani ya nyumba aliyokuwa anaiita kwake.

Watu hawakuwa na hofu sawa. Mfamasia amesoma miaka mingi chuo kikuu na ana ruhusa ya kazi inayotolewa na jimbo lake. Ruhusa hiyo ni yake, si ya kampuni. Asipopenda bosi mpya, anaweza kubisha mlango mwingine. Msaidizi wake, yule anayehesabu vidonge, anayepokea ordonansi na kupigia simu watu wa bima, yuko chini zaidi kwa mshahara na ana nguvu kidogo ya kujadiliana. Tena kuna wale wa duka lenyewe. Wao hawakuuzwa, lakini siku ya kwanza ya mabadiliko wao ndio walikuwa wa kwanza kuulizwa na wateja: dawa zangu ziko wapi? Mbona jina limebadilika?

Sheria ya Marekani haiwakingi sana. Katika karibu majimbo yote, mwajiri anaweza kumwachisha mtu wakati wowote bila kutoa sababu, mradi isiwe ubaguzi ama kisasi kinachokatazwa na sheria. Kuna sheria ya mwaka wa 1988 inayolazimisha kampuni yenye wafanyakazi 100 ama zaidi kutoa taarifa siku 60 mbele ya kufunga mahali pa kazi ama kuachisha watu wengi kwa pamoja. Lakini biashara inapouzwa, sheria hiyo inahesabu kwamba wafanyakazi wa muuzaji wamekuwa wa mnunuzi mara moja. Kwa hiyo, kubadilisha bosi peke yake hakuhesabiwi kuwa kuachishwa kazi.

Kura ya Brooklyn

Jibu moja la wafanyakazi lilibaki katika kumbukumbu. Lilitoka Brooklyn, katika mji wa New York.

Target ilikuwa inajulikana kama kampuni isiyotaka sendika, yaani chama cha wafanyakazi, ndani ya maduka yake ya Marekani. Mwezi wa Juni 2011, wafanyakazi wa duka la Valley Stream, karibu na New York, walipiga kura juu ya kujiunga na sendika. Walioikataa walikuwa wengi kuliko walioitaka. Baada ya hapo watu wengi walidhani kwamba jambo hilo limekwisha.

Kisha, mwezi wa Septemba 2015, miezi mitatu baada ya kutangazwa kwa mauzo, wafanyakazi wa farmasi ya duka moja la Target huko Brooklyn walipiga kura yao. Hawakuwa duka zima, walikuwa kikundi kidogo tu cha watu wa dawa. Saba walisema ndiyo, wawili walisema hapana. Walichagua kuwakilishwa na sendika ya UFCW, inayokusanya wafanyakazi wa maduka na wa viwanda vya chakula. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wafanyakazi wa duka la Target nchini humo kushinda kura ya namna hiyo.

Kampuni ilipinga. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba farmasi hizo ziko njiani kuuzwa, kwa hiyo haina maana kufanya kura wakati mwajiri anakwenda kubadilika. Kwa wafanyakazi, hoja hiyo hiyo ilisomeka kinyume. Kama mwajiri anakwenda kubadilika, ndipo mtu anahitaji zaidi kuwa na mtu wa kumsemea mezani.

Kura saba mbele ya wafanyakazi zaidi ya 14 000 ni kama tone katika ziwa Kivu. Hata hivyo, zilionyesha kwamba si wote waliopokea habari kwa kunyamaza na kungoja barua ya bosi mpya.

Chupa nyekundu iliyopotea

Mauzo yalikamilishwa tarehe 16 Desemba 2015. Katika mwaka wa 2016, mabango ya CVS yaliwekwa hatua kwa hatua ndani ya maduka. Hapo ndipo wateja nao walianza kuhisi kilichotokea, na kilichowaumiza zaidi kilikuwa chupa.

Tangu mwaka wa 2005, Target ilikuwa inatoa dawa katika chupa nyekundu isiyofanana na nyingine. Ilibuniwa na Deborah Adler, aliyekuwa mwanafunzi wa sanaa huko New York. Wazo lilimjia baada ya nyanya yake kumeza kwa makosa dawa za mume wake: majina ya wazee hao wawili yalianza kwa herufi moja na chupa zao zilikuwa zinafanana. Adler alitengeneza chupa yenye upande bapa, ili maandishi yasomeke bila kuizungusha. Jina la dawa liliandikwa kwa herufi kubwa. Shingoni kulikuwa na pete ya rangi: kila mtu wa familia na rangi yake. Chupa hiyo iliwekwa hata katika jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA.

CVS ilipoingia, ilileta chupa zake za kawaida. Wateja wengi walilalamika, zaidi wazee wenye macho dhaifu na wazazi wenye watoto wagonjwa. Baadhi yao walitunza chupa za zamani na kuendelea kuhamishia vidonge humo.

Malalamiko hayo yalipelekwa wapi? Kwa watu waliosimama nyuma ya meza. Mfanyakazi ambaye miezi michache mbele alikuwa anajivunia chupa ile, sasa alilazimika kueleza kwa nini haipo, kwa niaba ya kampuni ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaanza tu kuijua. Programu ya kompyuta ilikuwa mpya, kanuni zilikuwa mpya, na mstari wa wateja haukungoja ajifunze. Baadaye CVS ilimwita Adler mwenyewe ili asaidie kutengeneza mpangilio mpya wa maandishi ya dawa, ulioitwa ScriptPath. Chupa nyekundu, yenyewe, haikurudi.

Duka nalo lilihisi. Katika mwaka huo wa 2016, viongozi wa Target walikiri kwamba mabadiliko ya farmasi yalichangia kupunguza wateja wanaoingia. Jambo hilo linaeleweka: mtu anayekuja kuchukua dawa ya shinikizo la damu kila mwezi ndiye anayeondoka pia na maziwa, sabuni na soksi. Akihamisha dawa zake, anahamisha na mengine. Wenzao wa rafu, ambao hawakuuzwa, waliona matokeo bila kuwa wamegusa dawa hata moja.

Kinachouzwa hasa ni nini?

Wafanyakazi wa Target walikuwa na bahati moja: farmasi yao iliuzwa ikiwa nzima. Meza, stoki, wagonjwa na watu wa kazi, vyote vilihama pamoja. Kuna mauzo ya namna nyingine, ambayo ni magumu zaidi.

Mali kubwa ya farmasi si vidonge vilivyo kwenye rafu. Ni dosie za wagonjwa: nani anakunywa dawa gani, kila baada ya siku ngapi, na bima gani inalipa. Mnunuzi anaweza kununua dosie hizo peke yake, akazihamishia kwenye farmasi yake iliyo barabara ya pili, na kuiacha ile ya zamani ifungwe. Katika mauzo kama hayo mgonjwa anahama, lakini mfanyakazi hahami naye. Akitaka kazi, anaomba kama mtu mwingine yeyote.

Hilo lilionekana kwa Shopko, maduka yaliyokuwa na makao katika mji wa Green Bay, jimbo la Wisconsin. Mwishoni mwa mwaka wa 2018, Shopko ilianza kuuza dosie za farmasi zake kwa makampuni mbalimbali. Mwezi wa Januari 2019 ilienda mahakamani kuomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mwezi wa Machi ilitangaza kwamba inafunga maduka yote, na kufikia mwezi wa Juni yote yalikuwa yamefungwa. Kwa wafanyakazi wake, kuuzwa kwa farmasi kulikuwa kama moshi unaotangulia moto. Baadhi yao walilalamika kwamba pesa za kuagwa walizoahidiwa hazikulipwa.

Uingereza: sheria iliwalinda, kwa muda

Mwaka ule ule wa 2015, upande wa pili wa bahari, Sainsbury's, moja ya minyororo mikubwa ya maduka ya chakula Uingereza, ilikubali kuuza farmasi zake 281 kwa LloydsPharmacy kwa pauni milioni 125. Wafanyakazi karibu 2 500 walihusika. Mauzo yalikamilika mwishoni mwa mwezi wa Agosti 2016.

Huko sheria ni nyingine. Biashara inapopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kontra ya mfanyakazi inahama pamoja nayo kama ilivyo: mshahara, konje, na miaka ya utumishi. Bosi wa zamani na bosi mpya wanalazimika kuwapa habari wawakilishi wa wafanyakazi mbele ya mauzo, na kuwashauri pale ambapo mabadiliko yatawagusa. Mtu hawezi kufukuzwa kwa sababu tu kampuni imeuzwa.

Kwa hiyo siku ya kuhama ilikuwa tulivu kuliko Marekani. Lakini ulinzi huo hauzuii bosi mpya kufunga mlango baadaye. Mwaka wa 2022 LloydsPharmacy yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Aurelius. Mwezi wa Januari 2023 ikatangaza kwamba inatoka katika maduka yote ya Sainsbury's, ambamo ilikuwa imebaki na farmasi 237. Mwezi wa Juni mwaka huo, ya mwisho ilifungwa. Wale walioambiwa mwaka wa 2016 kwamba hakuna kitakachobadilika, walipata miaka karibu saba.

Miaka kumi baadaye

Na huko Marekani? Farmasi nyingi za CVS ndani ya Target zingali zinafanya kazi. Lakini mwezi wa Januari 2024, CVS ilitangaza kwamba itafunga makumi kadhaa kati yake kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili. Dosie za wagonjwa zilipelekwa kwenye farmasi nyingine za CVS, na wafanyakazi waliahidiwa nafasi mahali pengine. Neno lilikuwa lile lile la mwaka wa 2015: nafasi zinazolingana.

Kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 2023, wafamasia wa CVS katika eneo la Kansas City waliacha kwenda kazini katika farmasi zaidi ya 10. Hawakudai kwanza mshahara. Walidai watu zaidi wa kusaidia, wakisema kwamba mtu mmoja akipewa kazi ya watatu, makosa ya dawa yanakaribia. Uongozi wa kampuni ulilazimika kwenda kuzungumza nao na kuomba radhi.

Hapa Kongo, farmasi nyingi za mashariki ni za mtu mmoja ama familia moja, na hazikai ndani ya maduka makubwa. Lakini biashara zinauzwa hapa pia: hoteli, depo, kiwanda, boutike. Wengi hawajui kwamba sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 imeliwaza jambo hilo. Inasema kwamba bosi anapobadilika, kwa mfano kwa urithi, kwa mauzo ama kwa kuungana kwa makampuni, kontra zote zilizokuwa zinatumika siku hiyo zinaendelea na bosi mpya. Mfanyakazi hapaswi kuanza upya kama mtu aliyeingia jana. Kwenye karatasi, mfanyakazi wa boutike ya Bukavu analindwa kuliko yule wa Target huko Ohio. Tatizo ni kwamba wengi wanafanya kazi bila kontra iliyoandikwa, na haki isiyo na karatasi ni ngumu kuidai mbele ya mkaguzi wa kazi.

Kwa anayesikia leo kwamba mahali pake pa kazi panauzwa, iwe hapa ama ng'ambo, hadithi ya farmasi hizi inaacha maulizo machache ya kuuliza mapema. Wanauza biashara nzima ama dosie za wateja tu? Miaka yangu ya utumishi itaandikwa wapi? Konje ambayo sijachukua nitalipwa na nani, bosi anayetoka ama anayeingia? Ahadi ya kutofukuzwa ni ya miezi mingapi, na iko katika barua gani?

Wafanyakazi wa Brooklyn hawakungoja majibu yaletwe mezani kwao. Walikuwa tisa waliopiga kura, na saba kati yao walitaka majibu hayo yaandikwe.